Damu Imevunjikia Wapi?

Mashine ya kuzungusha damu inapozimwa, hafungui kifuniko papo hapo. Anaiacha izunguke kwa nguvu zake zilizobaki, ipunguze mlio, iyumbe kidogo, isimame kabisa. Wanafunzi wa mazoezi wana tabia ya kuishika kwa kiganja ili isimame upesi, na hilo ndilo jambo moja ninalojua linaweza kumfanya apaaze sauti. Leo wanafunzi hawapo. Anafungua, anachomoa chupa moja kwa vidole viwili, anaipeleka dirishani.

Damu imejigawa. Chini zimekaa seli nyekundu, zimeshikamana kama udongo wa mfinyanzi, na juu yake yamebaki maji. Kwa kawaida maji hayo huwa na rangi ya chai ya mchaichai. Haya ya leo yana rangi ya maji yaliyooshea nyama.

"Imevunjika," anasema.

"Imevunjikia wapi, Daktari?"

"Ngoja."

Nilikuwa nimekuja kwa siku moja tu katika maabara hii ndogo iliyo pembeni mwa barabara itokayo Rongo kwenda Homa Bay. Niliishia kurudi mara nne. Mwenye maabara, kwa maana ya mwenye kiti, hadubini na funguo, hakutaka jina lake liandikwe, na sitaliandika. Wagonjwa humwita Daktari. Wanafunzi humwita Madam. Bibi mmoja aliyetoka vijijini Ndhiwa alimwita nyathina, mwanangu, ingawa kwa hesabu yangu walipishana miaka isiyozidi kumi. Anazungumza Kijaluo na watu wa ziwani, na Kiswahili na Wakuria wanaopanda matatu kutoka Isebania, Kiswahili ambacho kimeshachota maji ya Sirare ng'ambo ya mpaka na kina adabu kuliko chetu cha Nairobi.

Ile chupa ya waridi ilikuja kwa bodaboda kutoka zahanati moja. Ndani yake kulikuwa na damu ya mtoto. Swali nililouliza, imevunjikia wapi, nililiuliza kwa ujinga. Sikujua kwamba ndilo swali ambalo kazi yake nzima imejengwa juu yake. Seli nyekundu zinaweza kupasukia ndani ya mtu, na huo ni ugonjwa. Zinaweza pia kupasukia kwenye sindano, kwenye chupa au kwenye mashimo ya barabara, na hiyo ni aibu yetu sisi. Kwa macho, maji ya waridi ni yale yale.

Seli nyekundu ni kisahani kilichobonyea pande zote mbili, chenye upana wa maikromita saba na nusu hivi; ukizipanga mstari mmoja, zaidi ya mia moja zitaenea ndani ya milimita moja. Haina kiini. Ilikitupa kabla ya kutoka kwenye uboho wa mfupa, ili ibebe himoglobini nyingi iwezekanavyo, na kwa hiyo haiwezi kujitengeneza upya inapochakaa. Ni kama gunia: kazi yake ni kubeba, na siku zake zinahesabika. Siku hizo ni 120 hivi. Katika muda huo hupita kwenye mishipa iliyo myembamba kuliko yenyewe, ikijikunja, ikijinyoosha, maelfu kwa maelfu ya mara, na uboho wa mtu mzima hulazimika kutoa nyingine zaidi ya milioni mbili kila sekunde ili kufidia zinazostaafu.

Anayezistaafisha hasa ni bandama. Nilikuwa nikiijua bandama kama kipande cha nyama kisichopendwa na wapishi. Kumbe ni mkaguzi. Kuta zake za ndani zina nyufa nyembamba mno, na kila seli hulazimika kujipenyeza. Iliyo changa na laini hupita. Iliyozeeka imekakamaa, hukwama, na seli walaji zinazongoja hapo huimeza. Chuma chake hurudishwa kwenye uboho kitengenezee seli mpya, protini huvunjwa vipande na kutumika tena, na kinachobaki hugeuka kijani, kisha manjano, kikaenda kwenye ini na kutolewa na nyongo. Mtu yeyote aliyewahi kugonga ugoko kwenye kigoda amezitazama rangi hizo zikipita chini ya ngozi yake: zambarau, kijani, manjano, basi. Kuvunjika kwa seli nyekundu, kwa hiyo, si ugonjwa. Ugonjwa ni kuvunjika kabla ya wakati, kwa kasi ambayo uboho haufikii. Wenye fani huiita hemolisisi.

Nina sababu yangu ya kulichukulia swali hili kwa uzito. Miaka kadhaa iliyopita, katika hospitali ambayo haimo katika kaunti za Homa Bay na Migori na ambayo sitaitaja, niliambiwa potasiamu yangu imepanda hadi kiwango cha kusimamisha moyo. Nililala usiku kucha nikiwa na nyaya kifuani. Moyo wenyewe ulikuwa ukipiga bila habari. Alfajiri mtu mwingine akanitoa damu upya, taratibu, na namba zikarudi mahali pake. Ndani ya seli nyekundu kuna potasiamu zaidi ya mara ishirini ya ile iliyo nje. Seli zangu zilipopasuka ndani ya bomba la sindano, zilimwaga mzigo wao wote kwenye maji, na mashine ikahesabu kwa uaminifu kile ilichopewa. Mashine haina kosa katika hadithi hii.

Kwa hiyo nilipomwona Daktari akitoa damu, nilitazama mikono yake kama mtu anayetazama mikono ya dereva baada ya kunusurika ajali.

Mtoto aliletwa karibu saa tano, amebebwa mgongoni na nyanya yake. Chupa ya kwanza Daktari alikuwa amekataa kuipima. Aliandika kwenye daftari kwamba sampuli imeharibika na akapiga simu mtoto aletwe. Kukataa huku si kwepesi. Nauli ya pikipiki kwa nyanya ni ya omena za siku mbili, na alijua hilo. Alitoka nje mwenyewe kumpokea, akamwamkua kwa Kijaluo, akaomba radhi kabla ya kueleza. Halafu akakaa, akamshika mtoto mkono, na kwa dakika kadhaa hakufanya kitu kingine chochote isipokuwa kuupasha joto katikati ya viganja vyake. Mshipa wa mtoto mwenye baridi na hofu hujificha. Ukiulazimisha, utachimba, na kuchimba ndiko kunakopasua seli.

Alifunga mpira juu ya kiwiko. Mpira huo haukai zaidi ya dakika moja, kwani damu iliyosongwa huanza kubadilika. Akapaka spiriti, kisha akangoja ikauke. Sijawahi kuona mtu akingoja spiriti ikauke. Sote tumezoea sindano ichomwe ngozi ikiwa bado inameremeta, na kumbe tone hilo la spiriti huingia pamoja na ncha na kuyeyusha utando wa seli zinazolikuta. Akachagua sindano ya buluu, namba 23. Kwa mtu mzima angetumia ya kijani, namba 21, ambayo ni pana zaidi. Watu wenye huruma isiyo na elimu huchagua sindano nyembamba kabisa wakidhani wanamwonea mgonjwa imani. Seli milioni kadhaa zinasukumana kupita kwenye tundu la uzi na kuchanika.

Halafu akavuta. Hapa ndipo palipo na ufundi ambao hauonekani, kwa sababu hakuna kinachotokea. Bomba la sindano likivutwa kwa pupa hutengeneza mvuto mkali, na damu huingia ikipiga povu. Yeye alivuta kama mtu anayetoa maji kisimani kwa kata bila kutaka kutibua tope. Mtoto alilia, akanyamaza, akamwangalia. Bomba lilipofika alama aliyoitaka, alifungua mpira kwanza, akatoa sindano, akaweka pamba. Kisha akaitenganisha sindano na bomba, akafungua chupa ya kifuniko cha zambarau, akaiinamisha, akaiacha damu iteremke ubavuni mwa kioo kwa uzito wake wenyewe. Chupa nyingine vivyo hivyo. Wengi huisukuma damu irudi kupitia sindano ile ile hadi chupani, na seli zilizonusurika kuingia hufia kwenye kutoka. Mwisho akaipindua chupa ya zambarau juu chini, juu chini, mara nane, ili dawa ya kuzuia damu isigande ichanganyike. Alipindua. Hakutikisa. Katika Kiswahili tunachanganya maneno hayo mawili kila siku bila madhara. Katika maabara tofauti yake inaonekana dirishani.

Nilimuuliza kuhusu ile ya kwanza: nani aliyeivunja? Alinionyesha kisanduku cha plastiki kilicholetwa na bodaboda. Kamba ya mpira, matuta, saa moja na nusu ya vumbi. Chini kulikuwa na pakiti ya barafu, na chupa ilikuwa imeiegemea bila kitambaa katikati. Damu iliyogusa barafu huganda pembeni, na seli iliyoganda hupasuka inapoyeyuka. Sampuli zitokazo kisiwani Mfangano, alisema, hupanda mashua hadi Mbita kabla ya kupanda pikipiki, na mara nyingi hufika zikiwa salama kuliko za bara. Ziwa hutikisa kwa adabu zaidi.

Lakini hakusema kwamba ni barabara. "Inaweza kuwa barabara. Inaweza kuwa mtoto." Na akaenda kwenye meza ya slaidi.

Ningependa kila mtu anayedhani kazi ya maabara ni kubonyeza vitufe amwone akipaka slaidi. Kwanza kioo chenyewe: anakisugua, anakiangalia kwa mshazari, anakisugua tena, kwa sababu alama ya kidole huacha mafuta, na mafuta huacha mashimo kwenye damu, na mashimo huonekana kama ugonjwa. Anaweka matone mawili kwenye kioo kimoja. La kwanza analizungusha kwa kona ya slaidi nyingine mpaka liwe duara la upana wa sentimita moja, si zito wala si jepesi. Kipimo cha wakongwe ni kwamba ukiiweka juu ya gazeti, uweze kusoma maandishi kupitia humo. La pili ni dogo zaidi. Analigusa kwa makali ya slaidi iliyolazwa kwa pembe, anangoja tone litambae hadi pande zote mbili za makali, halafu anasukuma mbele kwa mwendo mmoja usio na kigugumizi. Linabaki jani jembamba la damu, lenye ncha iliyofifia kama ulimi. Huko mwishoni, karibu na ncha, seli zimelala moja moja bila kupandana. Nilijaribu mwenyewe. Yangu ilitoka kama barabara ya mvua.

Duara nene na jani jembamba, kwenye kioo kimoja, na yote mawili ni ya mtoto yule yule. Lakini kinachofuata ni kinyume kabisa. Jani jembamba analigusisha methanoli, ambayo huzikausha seli zilivyo, kila moja na umbo lake. Duara nene halipaswi kuguswa na methanoli, hata mvuke wake. Halafu kioo kizima kinalazwa kwenye rangi ya Giemsa iliyochanganywa na maji, na maji hayo huingia ndani ya seli za lile duara, seli zikavimba kama maharage ya nyoyo yaliyolowekwa usiku kucha, zikapasuka, na himoglobini yote ikaoshwa. Kinachobaki ni seli nyeupe na vimelea, vimelala peupe, tabaka juu ya tabaka. Ndiyo maana duara nene huonyesha malaria mapema zaidi: umeitazama damu nyingi kwa wakati mmoja, baada ya kuondoa kila kilichokuwa kikikuzuia kuona.

Nilikaa na jambo hilo kwa muda. Asubuhi nzima mwanamke huyu alikuwa amejitahidi seli moja isipasuke isivyopasa. Sasa alikuwa akizipasua kwa mamilioni, makusudi. Na hata hapa pana njia za kuharibu. Slaidi ikikaushwa karibu na jiko au juani ili kuokoa dakika, joto huzikaanga seli zikagoma kupasuka, na msomaji hubaki akitazama zulia jekundu. Ikiachwa bila kufunikwa, nzi huila. Hili si neno la kupamba: nzi, sisimizi na mende hupenda damu kavu, na mtu anaweza kutoka kunywa chai akarudi akute duara limebaki nusu. Kwenye meza yake kuna kawa ndogo, ile ya kufunikia sahani. Chini yake hakuna chakula.

Rangi yenyewe ina umri. Gustav Giemsa aliitoa Hamburg mwaka 1904, na mchanganyiko wake wa buluu na nyekundu bado unatumika karibu kama ulivyokuwa. Maji ya kuichanganyia yanapaswa yawe na pH ya 7.2; yakiwa na asidi kidogo tu, vimelea hufifia. Dakika kumi hadi kumi na tano kwa rangi kali, hadi saa nzima kwa rangi hafifu. Akiwa na nafasi, yeye hutumia hafifu.

Dakika hizo za kungoja rangi ndizo alizonipa mimi.

Katika orodha ya vinavyovunja seli ndani ya mtu, tulianza na malaria, kwa kuwa huku ziwani hakuna anayeanzia kwingine. Kimelea cha falsiparamu huingia kwenye seli nyekundu, hula himoglobini kutoka ndani, hujigawa, na baada ya saa 48 hivi seli hupasuka na kumwaga wapya, kila mmoja akitafuta nyumba. Homa inayompiga mtu siku moja na kumwacha siku nyingine ni mlio wa seli hizo zikipasuka pamoja. Alphonse Laveran, daktari wa jeshi la Ufaransa, aliviona vimelea hivyo kwa mara ya kwanza mwaka 1880 huko Constantine, Algeria, katika tone la damu lisilopakwa rangi yoyote, na mimi niliyeshindwa kuviona vikiwa vimepakwa rangi namvulia kofia. Lakini damu ya mtoto mwenye malaria hupungua kuliko hesabu ya vimelea inavyoeleza. Seli ambazo hazikuvamiwa nazo huondolewa kwa wingi; bandama iliyofura kwa hofu huwakamata wapangaji pamoja na majirani.

Kuna jambo lingine la bandama alilonieleza huku akitabasamu, kama mtu anayemsifia fundi mwenzake. Mgonjwa mahututi akidungwa artesuneti, kimelea hufia ndani ya seli. Bandama hainyang'anyi seli hiyo uhai: huipitisha kwenye ufa, huchomoa kimelea kilichokufa kama mtu anayetoa kokwa ya embe bila kupasua ganda, na kuirudisha seli barabarani. Ila seli hiyo imejeruhiwa na haitaishi muda wake wote. Wiki moja hadi tatu baadaye, zile zilizookolewa siku moja huweza kufa kwa mkupuo, na mgonjwa aliyeruhusiwa kwenda nyumbani akiwa mzima akarudi amepauka, mkojo rangi ya strungi. Yeye humwuliza kila mtu wa namna hiyo: ulilazwa lini? Ulidungwa nini?

Anasema slaidi zenye vimelea zilipungua baada ya kuta za nyumba kuanza kupuliziwa dawa ya mbu, Migori mwaka 2017 na Homa Bay mwaka 2018, na kwamba alikuwa kazini Septemba 2019 chanjo ya malaria ilipozinduliwa Homa Bay. Hasemi zimekwisha. Hajapata siku ya Julai isiyo na malaria.

Halafu selimundu, ambayo wengi huita sikoseli. Herufi moja ya protini imebadilishwa katika himoglobini, na seli ikikosa oksijeni hujipinda kama mundu. Seli hiyo ngumu haiwezi kuzipita nyufa za bandama. Badala ya siku 120 huishi kumi hadi ishirini. Mtoto aliyerithi kwa baba na mama huwa na manjano machoni tangu utotoni, na bandama yake, kwa kuziba na kuziba, hufa kabla hajamaliza shule ya msingi.

Lakini aliyerithi kwa mzazi mmoja tu haumwi, na kwa nini wengi wa namna hiyo wako hapa hasa ni habari iliyoanzia kwenye damu ya watu wa pande hizi. Anthony Allison, mzaliwa wa Afrika Kusini aliyekulia Kenya, alizunguka nchi hii mwaka 1949 akiwa mwanafunzi wa Oxford akichukua matone ya damu. Pwani na kandokando ya Ziwa Victoria aliona urithi huu kwa zaidi ya mtu mmoja katika kila watano. Nyanda za juu, karibu hakuna. Ramani hiyo ilifanana na ya mbu. Alirudi mwaka 1953, na mwaka uliofuata akachapisha jaribio ambalo leo lisingeruhusiwa na kamati yoyote yenye haya: Wajaluo 30 waliojitolea, 15 wenye urithi huo na 15 wasio nao, wakaambukizwa malaria kwa makusudi. Katika wasio nao, 14 waliugua. Katika wenye nao, wawili. Vitabu vya biolojia duniani kote vimejaa jina la Allison. Wale 30 hawana hata sanamu ya udongo, na nadhani wanadai.

Maelezo ya kinga hiyo yanarudi kwenye kuvunjika. Kimelea kinapoingia kwenye seli ya mwenye urithi wa upande mmoja, hutumia oksijeni, seli hujipinda mapema, na bandama huiondoa kabla kimelea hakijakomaa. Nyumba inabomolewa mwizi akiwa bado anafungua mzigo. Kuna kuvunjika kunakookoa.

Mengine aliyapitia haraka, mkono ukiwa kwenye saa. Upungufu wa kimeng'enya kiitwacho G6PD, ambao huwakumba zaidi wanaume kwa kuwa hubebwa na kromosomu ya X, nao wanayo moja tu, ya mama, huacha seli bila ngao dhidi ya baadhi ya dawa. Primakwini ni mojawapo. Dawa ya malaria iliyoitwa Lapdap, yenye dapsoni ndani, iliidhinishwa mwaka 2003 na kuondolewa 2008 kwa sababu hiyo. Na vile vidonge vyeupe vya nafthalini vya kufukuzia nondo: bibi huvitia kwenye sanduku la bati pamoja na shali za wajukuu, mjukuu anazaliwa, shali linatolewa, na siku ya tatu mtoto amekuwa manjano kama papai. Hapo alisimama kidogo kuliko kwingine. Kisha damu ya mama isiyopatana na ya mtoto wa pili. Kisha damu ya kuongezewa iliyokosewa kundi, jambo ambalo analikagua mara mbili na kumtaka mtu mwingine alikague mara ya tatu. Nilimtajia askari wa Ujerumani ambaye mwaka 1881 daktari Fleischer aliandika kwamba alikojoa himoglobini baada ya kutembea kwa gwaride, seli zikiwa zimepondwa kwenye nyayo. Hakushangaa. Alisema wanariadha nao huja.

Saa ililia. Aliiosha slaidi kwa maji kutoka pembeni, rangi ikaelea na kuondoka yenyewe, akaisimamisha ikauke. Tone la mafuta, lenzi ya mara mia, na akaniacha nimsikilize akihesabu kwa midomo.

Alianza na duara nene. Eneo moja, la pili, la tatu. Kidole cha kushoto kikisogeza slaidi, cha kulia kikicheza na umakini wa lenzi, juu kidogo, chini kidogo, kwa kuwa vimelea haviko kwenye sakafu moja. Kipimo cha haraka cha malaria kilikuwa pembeni, kimeshatoa jibu lake ndani ya dakika ishirini. Yeye anakiheshimu kipimo hicho, lakini kinaweza kuendelea kusema "ndiyo" wiki kadhaa baada ya vimelea kufa. Sheria yake ni maeneo mia moja kabla ya kusema "hakuna". Nilimwona akifika themanini mlango ukagongwa, hakuinua uso. Alifika mia. Akaendelea hadi mia na ishirini, kwa sababu, alisema, ule mlango ulimsumbua.

Hakuna.

Akahamia kwenye jani jembamba, karibu na ncha. Alitulia. Kisha akasogea pembeni bila neno na kuniachia kiti.

Niliona visahani vya waridi, vingi vimepauka katikati. Katikati yao, kimoja kirefu chenye ncha pande zote mbili, kama mundu uliotupwa majanini. Nikaona kingine. Palikuwa na seli kubwa za rangi ya samawati, ambazo ni changa, zimetolewa kwenye uboho kabla hazijaiva kwa kuwa mahitaji ni makubwa. Na moja ambayo bado ilikuwa na kiini chake, mtoto aliyetumwa kazini na nepi. Sikuona vipande vilivyochanika ovyo.

Chupa ya pili ilikuwa imeshazungushwa. Aliichomoa, akaiweka dirishani kando ya ile ya asubuhi. Maji ya ile ya kwanza yalikuwa waridi. Ya hii hayakuwa na waridi hata kidogo; yalikuwa ya manjano mazito, kama mafuta ya kupikia. Himoglobini haikumwagika humu. Seli zilivunjwa zamani, ndani ya mwili, polepole, kwenye bandama, na kilichobaki kilikuwa ile rangi ya mwisho ya jeraha la ugoko.

Basi swali langu la asubuhi lilikuwa na majibu mawili. Barabara ilivunja. Na mtoto alikuwa akivunja. Angeipima chupa ya kwanza, potasiamu ya uongo ingemfunika mtoto wa kweli.

Aliandika kwa herufi za kusomeka. Akachomoa karatasi ya rufaa kwa ajili ya kipimo kitakachoonyesha aina ya himoglobini, kwa kuwa maabara yake haina mashine hiyo, naye hawezi kuandika kwa uhakika asichokipima. Akampigia simu afisa wa tiba. "Ile ya kwanza iliharibikia njiani," alisema. "Hii ya pili ni yake mwenyewe. Nakuja nayo."

Nyanya alikuwa kwenye benchi, mtoto amelala kifuani, pamba bado mkononi. "Remo?" aliuliza. Damu? Daktari akainama karibu naye, akamjibu kwa Kijaluo, kirefu, sauti ya chini, nami sikufuata yote.

Aliporudi alizifunika slaidi kwa kawa. Nilidhani chupa ya waridi ataitupa kwenye ndoo nyekundu. Aliichukua, akaifunga kwa plasta isije ikafunguka, akaisimamisha kwenye kishikio nyuma ya dirisha mahali pasipo na jua.

"Kesho yule kijana wa zahanati anakuja kuchukua chupa mpya," alisema. "Nataka aione kwanza."